Kulea Uhai: Siha ya Kila Siku kwa Mtazamo wa Tiba ya Jadi ya Kichina

Mgonjwa aendaye kwa tabibu wa jadi wa Kichina huulizwa mambo ambayo pengine hakuyatarajia: hulala saa ngapi, hupenda kinywaji cha moto au cha baridi, hukasirika upesi? Kisha hutakiwa kuutoa ulimi utazamwe. Maswali hayo si ya kupitisha muda. Katika elimu hiyo, ugonjwa ni mwisho wa safari iliyoanzia mezani na kitandani, ndiposa mwenendo wa kila siku ukapewa jina lake maalumu, yangsheng. Sehemu ya kwanza ya neno hili humaanisha kulea au kulisha. Ya pili, uhai. Makala haya yanalitafsiri "kulea uhai", na yanakusudia kueleza maana yake pamoja na mahali ambapo tafsiri huipotosha.

Kitabu kinachotegemewa zaidi ni Huangdi Neijing, kilichokusanywa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Humo, tabibu bora ni yule anayewahi kabla ya maradhi kuingia. Mtu hushauriwa kufuata misimu: kiangazi achelewe kulala na kuamka mapema, kipupwe alale mapema na kungoja jua lichomoze. Bila shaka shauri hilo ni la nchi yenye misimu minne. Akaaye karibu na ikweta, ambako jua huchomoza karibu saa ile ile mwaka mzima, hana jua la kungoja.

Istilahi inayotatiza zaidi ni chi. Wapo waitafsirio "nguvu", na kwa kufanya hivyo huifanya ionekane kama umeme upitao mwilini. Herufi yake ya kale ina alama ya mchele chini ya alama ya mvuke. Kwa hiyo ndani yake mna pumzi, hewa na lishe kwa pamoja. Neno "pumzi" hukaribia, ila huacha chakula nje. Kwa maoni yangu ni afadhali libaki chi, lifafanuliwe, kuliko kulivika vazi lisiloenea. Ikumbukwe pia kwamba chi ni dhana. Si kitu ambacho maabara yameweza kukipima.

Mlo nao hugawanywa kwa joto na baridi, na hapa msomaji aliyelelewa pwani atahisi yuko nyumbani. Madafu ni baridi hata yakianikwa juani, na tangawizi ni moto hata ikiwekwa barafuni, kwa kuwa kinachosemwa ni athari ya chakula mwilini. Ndivyo ilivyo kwa Wachina: kaa na tikiti maji ni vya baridi, nyama ya kondoo ni ya moto. Kaa huliwa kwa tangawizi ili kusawazisha. Supu ya ndengu (pojo kwa watu wa Mombasa) hunywewa kiangazi. Aidha, mzazi hukaa ndani mwezi mzima akiepuka maji baridi na vyakula vya baridi, desturi inayomkumbusha mtu arobaini ya mzazi wa Kiswahili na kukandwa kwake kwa maji ya moto. Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Mizani ya pwani asili yake ni Wayunani, ikatufikia kupitia matabibu wa Kiislamu, akiwamo Ibn Sina, nayo husimama juu ya joto, baridi, ukavu na unyevu. Ya Wachina imejengwa juu ya yini na yangi, na huongeza ladha tano zinazohusishwa na viungo: uchachu na ini, uchungu na moyo, utamu na wengu, ukali na mapafu, chumvi na figo. Mfasiri aandikaye "baridi" bila ufafanuzi humfanya msomaji wa Lamu adhani ni ile ile aijuayo.

Si kila desturi ni ya kale. Kunywa maji ya moto mchana kutwa kulienezwa sana na kampeni za serikali katika karne ya 20. Lakini ushauri wa Sun Simiao, tabibu wa karne ya 7, wa kula kabla njaa haijazidi, kuacha kabla ya kuvimbiwa, na kutembea baada ya mlo, haumdhuru yeyote.

Dawa za mitishamba ni jambo jingine, na hapo suala la majina huacha kuwa mjadala wa darasani. Mapema katika miaka ya 1990, wanawake nchini Ubelgiji walipewa vidonge vya kupunguza unene vilivyopaswa kuwa na mmea uitwao fangji. Mahali pake ukatiwa guang fangji, mmea wa jamii nyingine kabisa wenye sumu ya figo. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo, wengi wao wakalazimika kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo nyingine, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo miaka kadhaa baadaye. Majina ya mimea hiyo miwili hutofautiana kwa silabi moja tu.