Kura moja ya Shinyanga

Katika Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2010, jimbo la Shinyanga Mjini liliamuliwa kwa kura moja. Stephen Masele wa CCM alitangazwa mshindi dhidi ya Philipo Shelembi wa CHADEMA kwa tofauti hiyo. Kwa familia za Kambarage na kata jirani, maana yake ilikuwa nyepesi: katika kila nyumba mbili zinazopakana, ni kama moja ilichagua huku na nyingine kule. Watu wanaozikana, wanaoombana chumvi, ambao watoto wao huketi mkeka mmoja madrasa, walikuwa wamegawanyika sawasawa.

Kutofautiana kwa namna hiyo si dhambi. Dhambi huanza pale mwenye dola anapomfundisha mtu kwamba jirani aliyechagua kule si mwenzake. Tangu vyama vingi viliporejea mwaka 1992, wapinzani wa CCM wamekuwa wakipachikwa dini na kabila. CUF ilipopata nguvu Visiwani na Pwani, ikanadiwa kuwa chama cha Waislamu na Wapemba. CHADEMA ilipoenea hadi Kanda ya Ziwa, ikawa chama cha Wakristo na Wachaga, na mkulima wa pamba wa Kisukuma akajikuta amebadilishiwa kabila bila kuulizwa. Surat al-Hujurat, aya ya 11, inakataza kuitana kwa majina mabaya. Surat al-Qasas nayo, aya ya 4, inaeleza kuwa miongoni mwa maovu ya Firauni ni kuwafanya watu wa nchi yake makundi makundi. Hatumfananishi mtu na Firauni. Tunaitaja mbinu yenyewe, kwa sababu ni kongwe.

Sisi Waislamu pia tulitumiwa, tukubali. Ilani ya CCM ya mwaka 2005 iligusia kulipatia ufumbuzi suala la Mahakama ya Kadhi. Miaka 10 ikapita katika malumbano baina ya masheikh na maaskofu, na mwaka 2015 muswada uliohusu mahakama hiyo ukaondolewa bungeni. Mjane wa Kiislamu anayedai mirathi hakupata kadhi wa mahakama aliyemtarajia. Alichobakishiwa ni jirani Mkristo anayemtilia shaka.

Ukitaka kuona mgawanyo huu kwa macho, tazama uwanja wa mpira wa Kambarage. Umebeba jina la Mwalimu Nyerere, na mbele ya jina hilo zimewekwa herufi tatu: CCM. Viwanja vingi vya aina hii nchini vilijengwa kwa nguvu na michango ya wananchi, zama ambazo chama kilikuwa kimoja na hakuna aliyekuwa na pengine pa kuchangia. Vyama vingi vilipokuja, mali ikabaki kwa mmoja. Anayejua hesabu za mirathi aulize: ndugu wote wakijenga nyumba pamoja, kisha mmoja akajiandikia hati peke yake, hukumu yake ni nini? Ajabu ni kwamba ndani ya uwanja huohuo, Stand United, ambayo mashabiki wake huiita Chama la Wana, inapocheza, hakuna anayemuuliza aliye pembeni yake kadi ya chama gani anayo.

Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa nchini, huku wapinzani wakilalamika kuwa wagombea wao wengi walienguliwa. Ile nusu ya Shinyanga ya mwaka 2010 haikuhama mji. Inaishi palepale, na inahitaji barua ya mwenyekiti wa mtaa inapoomba kitambulisho cha taifa, inapotaka mkopo, inapomwekea kijana wake dhamana polisi. Ndiyo maana wapo wazazi ambao, kabla ya kumtuma mtoto kwa mwenyekiti kuchukua barua, humkumbusha avue kwanza fulana yenye rangi za chama kingine.