Maji, Saruji na Kuta za Mji Mkongwe

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka katikati ya ukarabati na watu wawili wakafa. Jengo hilo la mwaka 1883, la enzi za Sultani Barghash, lilihimili mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896 iliyoliangamiza jumba la jirani. Sehemu yake nyingine ilikuwa imekwisha kuanguka mwaka 2012. Kusema kwamba limezeeka tu hakuelezi kitu, maana umri peke yake hauangushi ukuta.

Ukuta wa kawaida wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yasiyochongwa, yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Unene wake, ambao mara nyingi hufika nusu mita na zaidi, hudanganya macho. Uimara wake unategemea mambo mawili: udongo wa ndani ubaki mkavu, na boriti za mikoko zinazobeba sakafu ziendelee kuufunga ukuta huu na ule unaoukabili. Vyumba vingi vina upana wa kama mita tatu tu, kwa kuwa boriti haivuki mbali zaidi ya hapo.

Uharibifu huanzia juu. Bati likitoboka au mfereji wa paa ukiziba, maji hushuka ndani ya ukuta na kuusomba udongo uliomo kati ya mawe, huku uso wa nje ukionekana mzima. Ncha za boriti, zile zilizozama ukutani na ambazo hakuna anayeziona, huoza na kuliwa na mchwa. Zikishakatika, sakafu haifungi tena chochote, na ukuta huanza kusogea nje, sentimita moja baada ya nyingine. Mkazi huona ufa mwembamba umepanda wima pembeni mwa chumba, akaupaka rangi.

Nani alipaswa kuliziba bati? Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, zikagawiwa familia kadhaa kwa kodi ndogo. Kila mpangaji akawajibika kwa chumba chake. Paa likakosa mwenyewe. Vyoo na mabomba vikapandishwa ghorofani, juu ya boriti ambazo hazikukusudiwa kulowa. Hoteli zimeokoa baadhi ya nyumba, ingawa bafu kwa kila chumba maana yake ni mabomba mengi zaidi ndani ya kuta zilezile.

Ukarabati nao huongeza kasi ya uharibifu. Plasta ya chokaa huuachia unyevu utoke. Ya saruji huufungia ndani. Chumvi iliyoyeyuka ukutani husafiri na unyevu huo, ikaganda nyuma ya plasta na kuibandua pamoja na uso wa mawe. Fundi hurudi na plasta nene zaidi. Si ujinga: saruji hununuliwa asubuhi na kazi ikaisha jioni, ilhali chokaa nzuri hutaka tanuri, kisha kuzimwa kwa maji na kuachwa wiki kadhaa.

Beit al-Ajaib ina udhaifu wa ziada, kwa kuwa ilijengwa kwa nguzo na mihimili ya chuma. Katika hewa ya bahari chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo zege linalokizunguka hupasuka kutoka ndani.

Ulinzi wa kisheria upo. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa 1985, na UNESCO iliuorodhesha mji mwaka 2000. Lakini mkaguzi aliye barabarani huona mlango, dirisha na roshani. Ncha ya boriti haioni. Hatari nayo haibaki mahali ilipoanzia, kwani nyumba nyingi za vichochoroni zinashiriki ukuta. Gofu lililopoteza paa hupokea masika na vuli zote, na unyevu hutokeza upande wa pili, chumbani kwa jirani ambaye paa lake ni zima. Hatua yake ya kwanza, kwa kawaida, ni kumwita fundi wa saruji.