Geuza Jezi Kuukuu Kuwa Mto wa Kochi

Kenya, Tanzania na Uganda zimepangiwa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2027. Mkazi mwenye cherehani anaweza kuanza sasa kushona mito ya kimichezo kwa jezi zisizovaliwa tena.

1. Fua jezi ikauke. Bandika kitambaa cha gundi upande wa ndani ili isivutike. Pasi iwe ya moto mdogo na upigie juu ya kitambaa cha pamba, kwani jezi nyingi ni za poliesta na huyeyuka.

2. Kata vipande 9 vya mraba, kila upande sentimita 16. Namba ndogo ya kifuani ikae katikati.

3. Unganisha vitatu vitatu, ukiacha sentimita 1 ya mshono. Utapata mraba wa sentimita 44.

4. Tandika chini yake dakroni nyembamba na bitana. Shona kwa kufuata maungio, ukianzia katikati, ili visikunjamane.

5. Kwa upande wa nyuma, kata vipande viwili vya sentimita 44 kwa 30. Pinda ukingo mmoja wa kila kipande, vipishanishe, shona kuzunguka, kisha pindua. Mto wa sentimita 45 utajaa vizuri.

Tahadhari kwa wauzaji: nembo za klabu na mashindano zinalindwa na sheria. Ukizitumia bila idhini, bidhaa zako zinaweza kutwaliwa nawe ukashtakiwa. Tumia rangi, namba na umbo la mpira.

Kwa mafunzo ya ushonaji, uliza katika chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu nawe.