Chungu cha Ilesi: Ujuzi Wake ni Mali ya Jamii
Wasafiri wa barabara ya Kakamega–Kisumu huvijua vyungu vya Ilesi vinavyouzwa kando ya lami. Udongo hukandwa, hufinyangwa kwa mkono, hukaushwa, kisha huchomwa. Kila umbo lina kazi yake: mtungi wa maji, chungu cha mboga, chungu cha busaa. Jina na matumizi yasiposimuliwa, chungu hubaki pambo tu.

Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazipa kaunti jukumu la kusajili ujuzi kama huu. Ujuzi ni mali ya jamii. Mtu wa nje anayetaka kuutumia sharti apate idhini ya jamii hiyo. Lakini afisa hawezi kuandika asichoambiwa. Wafinyanzi, wazee na vijana, jitokezeni mseme kila chungu kinaitwaje na kinatumikaje.