Risasi ya Kujaza Nyumbani Hufungua Majalada Mawili

Mwizi akiingia ndani usiku na panga, mwenye nyumba akampiga na kumuua kwa bastola yenye leseni, polisi hufungua jalada la kifo. Risasi hiyo ikiwa imejazwa nyumbani, yaani ganda tupu limewekewa fataki mpya, baruti na kichwa kingine, majalada huwa mawili. Wamiliki wengi wa silaha ninaozungumza nao huku Sombetini na Mbauda, Arusha, huliwaza lile la kwanza tu.

La kwanza kwa kweli lina huruma kuliko watu wanavyodhani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika vifungu vinavyoanzia cha 18, inampa mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwenzake na kulinda mali. Haki hiyo inaweza kufika hadi kuua, kwa mfano pale unapokuwa na sababu ya msingi ya kuhofia kifo au madhara makubwa mwilini. Mpaka wake ni nguvu ya kadiri. Kijana aliyekwisha kuruka ukuta na runinga yako begani, akapigwa mgongoni akikimbia, ni habari nyingine kabisa. Nguvu ikizidi na mtu akafa, sheria inaita kuua bila kukusudia, kosa ambalo kifungo chake kinaweza kufika maisha. Katika hesabu hiyo yote hakimu au jaji haanzi kwa kuuliza risasi ilitengenezwa wapi.

Swali hilo linakaa kwenye jalada la pili. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imeifanya leseni kuwa mlango wa kila kitu: kumiliki, kununua, kuuza. Kutengeneza risasi bila idhini ni kosa, hata kama bastola yenyewe ina karatasi zote. Na makosa ya silaha na risasi mara nyingi hufikishwa mahakamani kama uhujumu uchumi, ambako kifungo huanzia miaka 20 na kufikia 30. Kwa hiyo unaweza kuaminiwa kabisa kwamba ulijihami, ukafutiwa shtaka la mauaji, kisha ukaingia gereza la Kisongo kwa sababu ya kilichokuwa ndani ya magazini. Kujilinda ni utetezi wa kile ulichomfanyia mvamizi. Hakufuti kazi uliyoifanya stoo wiki kadhaa nyuma.

Marekani kujaza risasi nyumbani ni burudani ya kawaida, na vifaa vyake huuzwa dukani waziwazi. Huku kwetu mashine ya namna hiyo ikikutwa stoo ni kielelezo cha upande wa Jamhuri. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, inayozitaka nchi wanachama ziufanye utengenezaji haramu kuwa jinai.

Hata huko Marekani jambo hili limewatoa watu jasho. Mwaka 1989, jimboni New Jersey, mwanamke alikufa kwa risasi ya kichwani, na mumewe akasema amejipiga mwenyewe. Mume alikuwa na desturi ya kujaza risasi zenye baruti kidogo. Wapelelezi walifanya majaribio yao kwa risasi za kiwandani, zinazoacha mabaki mengi ya baruti hata kutoka umbali fulani. Marehemu hakuwa na mabaki hayo, hivyo waendesha mashtaka wakadai bastola ilikuwa mbali kupita urefu wa mkono wake. Kumbukumbu za mume za kipimo cha baruti hazikumwokoa. Alitiwa hatiani kwa kuua kwa uzembe. Risasi ya kiwandani ina namba ya toleo na ndugu zake wanaoweza kupimwa. Ya nyumbani ina shahidi mmoja, naye ndiye mshtakiwa.

Kwetu tatizo hilo linakuja kupitia gobore. Wapo wakulima wanaomiliki magobore kwa leseni ili kufukuza nyani na nguruwe shambani, na gobore halijazwi kwa namna nyingine ila kwa mkono: baruti, kitambaa, goroli. Halitemi ganda, wala mtutu wake laini hauachi mikwaruzo ambayo mtaalamu wa silaha angeilinganisha. Umepiga ukiwa hatua tano au ishirini? Ulimimina baruti kiasi gani? Vipimo vitasema kidogo sana, na mzigo utabebwa na mashahidi na jeraha lenyewe.

Ushauri wangu kwa mwenye leseni ni wa kichovu: nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa, tunza risiti pamoja na boksi lenye namba ya toleo, na yakitokea ya kutokea usiokote maganda wala kusogeza panga la mvamizi kabla polisi hawajafika.

Umerithi boksi la babu lenye risasi za kujaza mwenyewe? Serikali hutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, kama ilivyofanya mwaka 2022. Nje ya kipindi hicho mwone wakili kabla hujabeba kifurushi, kwa maana anayekamatwa ndani ya daladala na risasi zisizo na leseni atapata taabu kueleza kwamba alikuwa njiani kwenda kituoni kuzikabidhi.