Baiskeli ya Umeme Mlimani: Gharama Yake Iko Wapi?

Katika kata ya Lufingo, wilayani Rungwe, njia ni za kupanda na kushuka, na baiskeli yenye mzigo mara nyingi hupanda kwa kusukumwa. Kwa kuwa leo ziko baiskeli zenye mota na betri, yafaa tujiulize kama zitamfaa mkulima wa milimani. Fizikia ya darasani yatosha kutuongoza.

Tuseme mpandaji, baiskeli na mzigo vina jumla ya kilo 120, na kilima kina kimo cha mita 300. Kazi ya kuviinua ni 120 × 9.8 × 300, yaani takriban jouli 353,000, bila kuhesabu msuguano. Mtu mwenye afya huweza kutoa wati 75 kwa muda mrefu. Kwa hiyo atahitaji dakika 78. Mota itoayo wati 250 huimaliza kazi hiyo kwa dakika 24. Gia hupunguza kani inayohitajika kwenye pedali, lakini haipunguzi kazi yenyewe.

Je, umeme wake ni ghali? La. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 hubeba wati-saa 360. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto wakati wa kuchaji, kuijaza huhitaji uniti 0.4 hivi. Tukikadiria uniti moja kwa shilingi 350, gharama ni shilingi 140 tu.

Gharama kubwa imo katika betri yenyewe. Betri ya lithiamu huchakaa kadiri inavyochajiwa. Tuseme imenunuliwa kwa shilingi 600,000 ikadumu kwa kujazwa mara 600: kila mara imekula shilingi 1,000, zaidi ya mara saba ya bei ya umeme. Baiskeli ya kawaida haina deni hilo. Mnyororo na tairi hushughulikiwa na fundi wa kijijini.

Betri iliyojaa yaweza kumpandisha mtu huyo mara mbili hivi. Basi kila mpando humgharimu shilingi 570 na kumwokolea dakika 54. Apandaye na mzigo kila siku huenda akanufaika. Ashukaye na mzigo na kurudi bila kitu ahitaji zaidi breki imara, kwani nishati ile ile sharti igeuke joto njiani. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya baiskeli ya umeme, mnunuzi na aulize kwanza bei ya betri ya pili.