Vyama vya Wanafunzi na Chimbuko la Uandishi: Somo la Bagamoyo kwa Vijana wa Katavi

Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012 na Mpanda kufanywa makao yake makuu, husikika zaidi kwa viboko na nyati wa hifadhi yake ya taifa, kwa asali ya misitu ya Mlele na kwa dhahabu ya wachimbaji wadogo, kuliko kwa washairi au watunzi wa tamthiliya. Kijana wa huko anayetaka kusomea sanaa kwa kina hana budi kusafiri zaidi ya kilometa 1,000 hadi pwani, ilipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wengi huifahamu kwa kifupi cha TaSUBa. Umbali huo umewafanya wazazi, walimu na hata vijana wenyewe waamini kwamba uandishi bunifu, yaani utungaji wa hadithi, mashairi na michezo ya kuigiza unaotoka katika fikra ya mtunzi mwenyewe, ni jambo la kusubiri hadi mtu apate chuo. Historia ya sanaa katika Afrika Mashariki inaonyesha mpangilio tofauti, kwa kuwa mara nyingi kikundi kilitangulia, chuo kikafuata, na hata baada ya chuo kuwapo, kazi nyingi zilizodumu zilizaliwa katika vyama ambavyo wanafunzi na walimu wao waliviendesha nje ya saa za darasani.

Bagamoyo yenyewe ni mfano. Baada ya uhuru, serikali iliunda vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo, vilivyokusanya wasanii kutoka pande mbalimbali za nchi na kuwaweka pamoja kama wafanyakazi wa umma. Vikundi hivyo vilipofikia ukomo, uzoefu wao ulihamishiwa katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho baadaye kiligeuzwa kuwa taasisi inayojiendesha chini ya wizara. Miongoni mwa waliofundisha hapo alikuwemo Hukwe Zawose, Mgogo aliyebobea katika zeze na ilimba, ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ambaye ujuzi wake ulitokana na ukoo na kijiji, akaufikisha kwenye majukwaa ya Ulaya na Asia. Tangu miaka ya mwanzo ya chuo hicho limekuwapo pia tamasha la kila mwaka, ambapo wanafunzi hupanda jukwaani mbele ya wenyeji wa Bagamoyo na wageni, na kwa kweli hakuna mtihani wa karatasi unaoweza kumpima mwigizaji kama kimya au kelele za watu waliokuja kwa hiari yao na wanaoweza kuondoka wakati wowote.

Maisha ya mwanafunzi katika chuo cha namna hii hutofautiana na ya yule anayesomea, kwa mfano, uhasibu, kwa sababu kazi yake haiwezi kukamilika akiwa peke yake chumbani. Anayejifunza ngoma humhitaji mpigaji, mwigizaji humhitaji mwenzake wa kumjibu, na anayeandika mchezo huhitaji watu watakaokubali kuyasema maneno yake kwa vinywa vyao, wakamwonyesha, bila hata kukusudia, ni wapi sentensi imekuwa ndefu kuliko pumzi ya mtu. Ushirika huo wa lazima ndio unaowasukuma wanafunzi kuunda vikundi vyao wenyewe, na baadhi yao huendelea na vikundi hivyo baada ya kuhitimu, wakatafuta riziki kwavyo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa ushahidi wa upande wa maandishi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, sanaa za maonyesho zilipoanza kufundishwa hapo, wanafunzi walikuwa hawana hazina kubwa ya tamthiliya za Kiswahili za kuigiza, hivyo wakaziandika. Ebrahim Hussein alikuwa mmoja wa kizazi hicho, na tamthiliya yake ya Kinjeketile, inayohusu Vita vya Majimaji, ilichapishwa mwaka 1969 akiwa bado kijana. Penina Muhando, aliyejulikana baadaye pia kwa jina la Mlama, alifuata kwa Hatia mwaka 1972 na tamthiliya nyingine kadhaa. Yeye, Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya waliandika kwa pamoja Harakati za Ukombozi, iliyotoka mwaka 1982, na kikundi cha maigizo cha Paukwa kilitoa Ayubu kwa jina la kikundi, jambo ambalo linastahili kuangaliwa kwa makini na yeyote anayedhani kwamba mwandishi ni lazima awe mtu mmoja aliyejifungia. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyepitia chuo hichohicho, alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971 na diwani ya Kichomi mwaka 1974, ambayo mashairi yake huru, yaani yasiyofuata vina wala mizani, yalizua mabishano makali kati ya washairi wa mapokeo na wa kisasa. Mabishano hayo yaliisaidia fasihi kuliko sifa tupu, kwani kila upande ulilazimika kueleza shairi ni nini.

Chuo cha Makerere, Uganda, kilikuwa kimetangulia kwa njia yake. Jarida la wanafunzi la Penpoint lilianza huko mwaka 1958 na likachapisha kazi za awali za waandishi waliokuja kusifika, akiwemo Ngũgĩ wa Thiong'o, ilhali katikati ya miaka ya 1960 wanafunzi waliunda kundi la maigizo ya kusafiri lililowapelekea watu wa vijijini na miji midogo michezo kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Jarida lilimpa mwanafunzi msomaji, na kundi la kusafiri lilimpa mtazamaji ambaye hakuwa mwanafunzi mwenzake wala mwalimu wake, na ambaye kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumpigia makofi kwa upole.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba vyama vya sanaa vililetwa na vyuo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, vyama vya beni, yaani ngoma zilizoiga bendi na gwaride la kijeshi, vilisambaa kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji, vikiwa na viongozi wenye vyeo, michango ya wanachama na ushindani wa kudumu kati ya pande za Marini na Arinoti. Kwa Wasukuma, ambao wengi wao wamehamia Katavi na mifugo yao katika miongo ya karibuni, vyama vya Wagika na Wagalu vimeshindana kwa nyimbo na ngoma tangu karne ya 19, kila kimoja kikimtegemea manju wake, yaani mtunzi na kiongozi wa wimbo, ambaye huandaa maneno mapya kwa ajili ya mashindano na hupoteza watazamaji akirudia ya mwaka jana. Hivyo mwanafunzi wa Kisukuma anayesoma Mpanda anaweza kuwa na babu aliyeijua kazi ya kutunga mbele ya hadhira kali, pasipo kuliita jambo hilo fasihi.

Shuleni, urithi huo ulichukua sura ya ngonjera, utungo wa majibizano ulioenezwa na Mathias Mnyampala na chama cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Ngonjera bado husikika katika mahafali na sherehe za kitaifa, ingawa nyingi siku hizi hutungwa haraka na mwalimu kwa ajili ya mgeni rasmi, wanafunzi wakazikariri tu. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu sehemu iliyo bora zaidi ya ngonjera ni mabishano, na mwanafunzi anayekariri pande zote mbili za ubishi alioandikiwa hajifunzi kubisha wala kutunga.

Kikundi cha uandishi kinachofanya kazi yake vizuri huwa na utaratibu mwepesi unaohitaji nidhamu. Mwanachama mmoja huleta mswada, yaani andiko ambalo halijachapishwa, mara nyingi likiwa ndani ya daftari kubwa la jalada gumu ambalo wanafunzi huliita kaunta buku, akalisoma kwa sauti, na akimaliza hunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu, maana mtunzi hutamani kueleza alichokusudia, ilhali msomaji wa kitabu aliyeko Sumbawanga au Kigoma hatakuwa na mtunzi kando yake wa kumfafanulia. Wenzake husema walichokisikia, nani yumo katika hadithi, anataka nini, na ni wapi wao walipotea. Ikiwa hadithi inahusu msichana anayepanda treni ya Mpanda kwenda Tabora na mtunzi ameandika tu kwamba msichana huyo ni maskini, mtu atauliza amebeba nini mkononi, ameketi daraja gani, na mama yake alimwambia neno gani la mwisho stesheni. Mtunzi akirudi wiki inayofuata na majibu ya maswali hayo, neno maskini huwa halihitajiki tena. Katika shairi la kimapokeo sikio la kikundi ni hakimu wa haraka zaidi, kwa kuwa mshororo wenye mizani 16, minane ya ukwapi na minane ya utao, yaani nusu ya kwanza na nusu ya pili, ukizidishwa silabi moja hujikwaa mdomoni mwa msomaji kabla hata ya mtu kuhesabu kwa vidole.

Faida ya vikundi kama hivyo haikomei kwenye vitabu. Mwaka 1996 Idara ya Sanaa za Maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama akiwa miongoni mwa waasisi, ilisaidia kuanzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari, ambapo wasichana walichunguza wenyewe matatizo yanayowazuia kusoma, wakayageuza kuwa maigizo, wakayaonyesha mbele ya walimu na wanafunzi wenzao, kisha wakaendelea kukutana katika klabu za shule. Mpango huo ulitanguliwa na kazi ya miaka ya 1980 katika vijiji vya Malya na Msoga, iliyotumia sanaa za maonyesho kwa maendeleo, yaani njia ya kuwawezesha wanajamii kuchambua hali yao kwa ngoma na maigizo wanayoyatunga wao wenyewe badala ya kuigiziwa na wageni. Kwa Katavi jambo hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wasichana wa mkoa huo wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa wajawazito, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Novemba 2021 serikali iliruhusu wanaojifungua kurejea shuleni, na msichana anayerudi darasani baada ya kujifungua ana mengi ya kusema ambayo hayamo katika risala anayosomewa mgeni rasmi. Klabu ya maigizo inaweza kuwa mahali ambapo anayasema kwa jina la mhusika wa kubuni, bila kuaibishwa.

Mahali pa kukutania hapakosekani mkoani. Zipo sekondari zenye kidato cha tano na sita, kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Msaginya, kimoja kati ya vyuo vya aina hiyo vilivyoanza mwaka 1975 kwa kuiga shule za watu wazima za Sweden, na ipo Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako anayesomea ufugaji wa nyuki hazuiwi na chochote kuwa mshairi jioni. Hata masomo ya darasani yameanza kuelekea huko, kwani mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi 65 za kidato cha tano, yaani michepuo ya masomo ambayo wanafunzi wenyewe huiita kombi, na 49 kati yake zilikuwa mpya, zikiwamo za lugha na sanaa.

Habari za kuandika zipo tele. Simulizi za wenyeji humtaja Katabi, mzimu anayesemekana kukaa katika mkwaju kando ya Ziwa Katavi, ambako watu wamekuwa wakiacha sadaka kabla ya kwenda kuwinda, na ndiye aliyeipa hifadhi jina. Reli ya kutoka Kaliua ilijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya mgodi wa risasi, mgodi ukafungwa, reli ikabaki kuwa njia ya watu. Katumba na Mishamo, makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, yamelea watoto na wajukuu ambao wazazi wao walipewa uraia wa Tanzania baada ya zaidi ya miaka 30. Riwaya ya kijana aliyezaliwa Katumba, akasoma kwa Kiswahili na kusikia Kirundi kwa bibi yake, ingewafaa wasomaji wa nchi nzima, na hakuna mwandishi wa Dar es Salaam atakayeiandika kwa ukaribu kama yeye.

Pa kuipeleka riwaya kama hiyo pia pamepatikana. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kutolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, hupokea miswada ya Kiswahili katika nyanja zikiwamo riwaya, ushairi na hadithi za watoto. Kizuizi cha kwanza kwa mwanafunzi wa Mpanda mara nyingi huwa kidogo na cha aibu kukitaja, nacho ni gharama ya kuchapa kurasa 150 zilizoandikwa kwa mkono katika duka la steshenari, ambalo hutoza kwa ukurasa. Gharama hiyo humshinda mmoja na haiwashindi kumi. Kikundi chenye mhazini mwaminifu na mchango mdogo wa kila wiki kinaweza kuulipia mswada mmoja kila mwaka, wanachama wakiuchagua wenyewe baada ya kuusikia wote, ukurasa kwa ukurasa.